Injini ya Basi Dogo Ndani ya Gari la Mbio

Petroli iliyolala ndani ya tangi miaka mingi ina harufu yake. Haichomi pua kama ile mpya ya kituoni. Ina uchachu kidogo na utamu kidogo, na aliyeivuta utotoni haisahau. Hivi karibuni kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliniita kwake mtaa wa Chanji nikaone gari alilonunua: la zamani, la milango miwili, bapa, pua ndefu, injini imekufa. Alipofungua boneti, harufu ile ikanijia usoni. "Dada, nataka kuweka mashine kubwa humu," alisema, "mpaka watu wakome." Ningeweza kumjibu papo hapo, maana kuhusu injini nina maoni yangu na siombi radhi kwa mtu. Lakini harufu ilikwisha kunirudisha Msanzi, kwa babu mzaa mama, kwenye uwanja uliofagiliwa, ambako gari jingine la milango miwili lilikaa katikati ya kuku msimu mzima.

Gari hilo lilikuwa la Baba Mkubwa, kaka yake baba. Ukoo wa baba ni Wanyakyusa wa Tukuyu. Yeye alihamishiwa Sumbawanga kikazi, idara ya maji, akamwoa mama yangu Mfipa, akatulia mtaa wa Kizwite. Kaka yake alibaki Mbeya akawa dereva wa mashindano, yale ya kukimbizana porini kwenye vumbi na tope. Kila aliyemjua alitegemea afie barabarani, lakini alikufa kitandani kwa homa, na gari likaja kwetu. Lilikuwa jekundu, na injini yake ilikuwa ya silinda sita. Wenzangu mliokulia Sumbawanga enzi zetu mnakumbuka jinsi magari yalivyokuwa machache. Sisi watoto tuliyajua yote kwa sauti kabla hayajatokea. La kwetu lilisikika kifuani kwanza, ndipo masikioni. Baba alipolipitisha sokoni, wauza maharage waliacha kupima wakatazama. Mimi nilikaa mbele, shingo nimeikaza, nikijiona binti wa mkuu wa mkoa.

Lilitufia Pasaka, tukiwa kwenye mlima tunakwenda kumsalimu babu. Kwanza moshi mweupe, halafu mlio kama wa mtu anayegonga debe, halafu kimya. Vijana wa Msanzi walilisukuma mpaka uwanjani kwa babu, na siku chache baadaye fundi Ozwadi akapanda kutoka mjini kuja kulifungua. Alilala chini ya gari muda mrefu, akatoka akijifuta mikono. "Bosi, imechemka mpaka bloki imepasuka," alimwambia baba. "Hii si ya kubadilisha gasketi tu ukaondoka. Hapa tunazungumzia mashine nyingine."

Baba alikuwa na haja moja tu: gari lipone, amfuate mama yake Tukuyu aje akae nasi. Bibi hakuwa ametoka kwake tangu msiba wa mwanawe. Basi la abiria hakulitaka, na kila mjumbe aliyetumwa kumwita alirudi na jibu kwamba migomba yake haina mtu wa kuiangalia. Baba aliamini kwamba siku bibi atakapoisikia sauti ya gari la mwanawe mlangoni atatoka mwenyewe, bila kubembelezwa. Haya nayasema leo nikiwa mtu mzima. Wakati ule hakuna aliyeniambia, kwa kuwa mambo ya wakubwa tuliyaokota chini kama kuku. Nilichookota mimi ni kwamba kila injini iliyotajwa, swali la kwanza la baba lilikuwa, "Itanifikisha Mbeya?"

Na nililiokota pabaya. Mama mkubwa, dada yake mama aliyekuwa akiishi na babu, alikuwa na mdomo usio na kufuli. Siku moja tukichambua maharage alisema, bila kujali nimekaa wapi, "Mume wa kutoka mbali ni mgeni tu. Ngoja gari lake lipone, mtaniambia." Wote wakacheka, na mama naye akacheka. Mimi sikucheka. Jirani yetu Kizwite alikuwa na mume wa Mbeya aliyeaga kwamba anakwenda kuona wazazi, na hadi leo hajarudi. Baba alitaka kumfuata mama yake. Mimi nikaelewa anataka kurudi kwa mama yake. Nikajiwekea msimamo wangu, nikiwa na umri wa kung'oka meno ya mbele: gari hili lisipone, na likipona, lisifike mbali.

Kushusha injini ya silinda sita kunataka winchi, na Msanzi winchi haikuwapo. Palikuwa na magogo ya mikaratusi, minyororo ya plau, na wanaume wenye migongo. Baba akamwomba mama mkubwa apike pombe ya ulezi, awaalike majirani kama wanavyoalikana kulima. Mama alimwonya mapema, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Baba Tumaini, ukipika pombe, kazi si yako tena. Ni ya watu."

"Si kunyanyua tu?" baba alijibu. "Wananyanyua, wanakunywa, tunashukuriana, basi."

Hapo ndipo Mnyakyusa wetu alipojikwaa. Kule kwa mama, pombe ya kazi haikuwa shukrani. Aliyeinywa alikuwa amejifunga: haondoki kazi ikiwa nusu, na kwa kuwa kazi ni yake, ana neno ndani yake. Ukiwaalika watu wakulimie matuta, usishangae wakikuchagulia na mbegu. Basi Jumapili ile baada ya misa walikuja, wakasimika magogo matatu, wakafunga minyororo, wakaitikia wimbo wa kulimia, na injini ikapanda juu ikining'inia huku ikidondosha mafuta meusi. Walipoitua kwenye majani makavu baba alitoa hotuba fupi nzuri ya ahsante. Hakuna aliyeinuka. Walivuta vigoda wakaizunguka injini, kibuyu kikaanza kupita, na Katekista, mzee mwembamba aliyetufundisha komunyo ya kwanza, akamwuliza kwa upole, "Haya mkwe. Sasa tunaweka nini?"

Nilimwona baba akimtazama mama. Mama akajifanya anapanga vikombe.

Ilibidi fundi Ozwadi asimame aeleze kama yuko bungeni. Alisema njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuishona hiihii iliyopasuka kwa kulehemu chuma cha kusubu, kazi ya kubahatisha, na hata ikikubali vipuri vyake havipatikani Sumbawanga wala Mbeya. Ya pili ni dizeli ya pikapu: ina nguvu ya kukokota, inakula kidogo, lakini ni nzito, pua ya gari italala, springi zitalia, na kwenye baridi ya Ufipa mwezi wa saba haiwaki mpaka jua lipande au uikokee moto chini yake. Ya tatu ni injini ya petroli ya basi dogo la abiria. Silinda nne, nyepesi, vipuri viko kila duka. "Tatizo lake," alimalizia, "haina makuu. Huku juu hewa ni nyepesi, itahema. Na sauti yake mnaijua wenyewe."

Tuliijua. Ilikuwa sauti ya watu waliobanana na magunia.

Katekista alikuwa upande wa injini ya zamani. Alisema bodi na injini vilitoka pamoja kiwandani, na alichounganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe. Mtu wa nyuma akadakia kwamba mume huyu ameshafariki, na mjane anaruhusiwa kuolewa. Kicheko kilichozuka kiliwatimua kuku. Babu yeye alitaka dizeli, na sababu zake alizitoa bila haya: siku gari litakapochoka, injini ile ingefungwa mkanda isage mahindi, na Msanzi ingeacha kwenda mbali kwa ajili ya unga.

"Baba mkwe," baba akasema, "mimi nataka gari, sitaki kinu."

"Gari linapita, mwanangu. Unga haupiti."

Mimi nilikuwa nimechutama nyuma ya kigoda cha babu, na nilikuwa nimesikia jambo moja tu katika yote yale: dizeli haiwaki asubuhi. Baba safari zake zote alizianza alfajiri. Nikaona wokovu. Nikasimama nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Wekeni dizeli!"

Babu akapiga paja. "Mnasikia? Mtoto ameona mashine ya kusaga!" Nilipewa kikombe cha togwa kwa akili zangu za biashara. Baba alinitazama kwa mshangao wenye huzuni kidogo, kama mtu aliyesalitiwa na wa nyumbani. Nilikunywa togwa yangu bila kumtazama machoni.

Mjadala haukuisha Jumapili ile wala iliyofuata. Baba alikuwa akitoka kazini anapanda lori la mahindi hadi Msanzi, anaikuta mada imeendelea bila yeye. Walimsimamisha njiani watu asiowajua wakamshauri juu ya rejeta. Akina mama kisimani walikuwa na kundi lao, na watoto shuleni tulikuwa na letu. Nilipigana na mvulana mmoja aliyesema basi dogo linatosha. Baba alikuwa akirudi Kizwite amechoka, anamlalamikia mama kwamba gari la kaka yake limekuwa la kijiji. Mama alimjibu, "Nilikuambia kuhusu pombe."

Aliyeuliza swali lililokata maneno ni mama huyohuyo. Ilikuwa jioni, sote tuko Msanzi, jua bado lipo, fundi yupo, na wale wazee kwenye vigoda vyao wapo. Alikuja na mikono yenye unga, akasimama mbele ya baba. "Baba Tumaini, ikikufia njiani Laela, spea utaipata wapi?"

Baba akaokota boliti kwenye majani, akaifuta kwa kidole.

"Ile ya zamani, hupati. Dizeli, utapata, ila springi zitakuwa zimekwishavunjika. Ya basi dogo, unanyoosha mkono tu, kila basi linalopita linakupa. Mimi simjui mama mkwe wangu kwa sura. Nataka afike. Sitaki akae kandokando ya barabara na mzigo wake huku wewe umeshika kipande cha chuma cha Ulaya."

"Mama atajua kwamba silo lenyewe," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba yangu akikaribia kulia mbele ya watu. "Alikuwa akilijua kwa mlio. Nikimpelekea mlio wa basi, nitakuwa nimempelekea nini?"

Hakuna aliyemtania. Katekista, aliyepigania injini ile kuliko wote, ndiye aliyemimina pombe iliyobaki akampa baba kwanza. Wakubwa walielewa. Mimi niliona tu kwamba baba anataka kulia kwa kuwa anampenda mama yake kuliko sisi.

Basi ikawekwa ya basi dogo. Fundi aliitoa Tunduma ikiwa imefungwa kwenye gunia, akaipandisha kwa magogo na minyororo ileile. Haikukaa vizuri, ilikuwa fupi, na mikono ya kuishikia haikufikia matundu ya zamani. Mfua chuma wa Msanzi, ambaye mababu zake walikuwa wakiyeyusha mawe ya nchi ile kuwa majembe, alichukua springi ya lori, akaipasha, akaikunja, akatengeneza mikono mipya. Baba alitaka zifungwe kabureta mbili za ile injini ya zamani. Fundi alikataa katakata. "Bosi, hiyo ni kumvika mtoto koti la babu yake. Halimpi nguvu, linamwangusha." Akamshauri aweke rejeta pana zaidi, abadilishe tundu la petroli kwenye kabureta lilingane na hewa ya juu, na kabla ya jambo lolote la mwendo atengeneze breki. Nimeendesha magari mengi tangu siku hizo, na bado sijasikia ushauri unaoupita ule. Anayeongeza nguvu kabla ya breki anajichimbia kaburi kwa jembe zuri.

Siku lilipowaka watu walishangilia, kisha shangwe ikapungua, kwa sababu kutoka kwenye ile pua ndefu nyekundu ilitoka sauti ya kawaida kabisa. Ilikuwa inanguruma kwa adabu. Baba alilizungusha uwanjani, akalipandisha mlima ule uliolishinda, akarudi. Halikuchemka. "Itanifikisha Mbeya," alisema, na safari hii halikuwa swali.

Asubuhi ya safari niliamka kabla ya kuitwa nikaingia garini, kiti cha mbele, nikafunga mlango na kushika usukani kwa mikono miwili. Baba alipokuja na kikapu nilimwambia kwamba kama anakwenda kwao basi tunakwenda wote, na kama hataki, gari haliondoki. Nilikuwa nalia kamasi. Nilimtajia na yule mume wa jirani.

Baba aliweka kikapu chini. Alimtazama mama aliyekuwa amesimama mlangoni, na nikaona mkononi mwa mama gauni langu la kanisani, limepigwa pasi.

"Sasa nilikuwa niende na nani?" baba akasema. "Nani atamwambia bibi yako kwamba huku kuna wajukuu? Mimi hataniamini. Ameshanikatalia mara ngapi!"

"Kwa hiyo unarudi?"

"Tunarudi, mwanangu. Na mtu wa tatu." Halafu akaongeza, akinifuta pua kwa kitambaa chake kizuri, "Na ile dizeli yako ingetuchelewesha."

Nilifurahi kwa namna ambayo mtoto pekee ndiye anayeweza, nikiwa bado na kwikwi. Tulishuka hadi Laela, tukapita Tunduma iliyojaa malori, tukalala Mbeya kwa jamaa, na asubuhi tukaanza kuteremka kuelekea Tukuyu. Sikuwahi kuona nchi ya kijani namna ile. Ufipa kwetu ni majani na upepo, unamwona mtu anakuja tangu akiwa mdogo kama siafu. Kule migomba ilifunika kila kitu, nikawa najiuliza watu wanajuaje kama kuna mgeni. Injini yetu iliimba wimbo wake wa basi dogo bila kukosea. Ila kadiri tulivyokaribia, baba alizidi kunyamaza. Alijaribu maneno chini kwa chini, akayaacha, akajaribu mengine. Kwenye daraja la mwisho, kabla ya kupandisha hadi kanisa la kilimani na kuteremkia kwa bibi, alisimama muda mrefu injini ikinguruma. Nilidhani gari limeharibika. Alikuwa ameogopa tu.

Bibi alikuwa amesimama nje. Hakuwa na jembe wala kisu cha migomba mkononi. Alikuwa ameoga, amevaa kitenge kizuri na kilemba, na miguuni pake palikuwa na mzigo uliofungwa na kuku wawili waliofungwa miguu. Nilimpigia magoti nikamwambia shikamoo bibi. Aliniitikia, akaniinua kwa kidevu, akanichunguza muda mrefu akitafuta mtu fulani usoni mwangu, na nadhani alimpata.

Baba alibaki ameshikilia mlango. "Mama," alianza, na maneno yote aliyoyapanga tangu Mbeya yakatoka kwa mkupuo, "injini siyo ile. Ile ya kaka ilikufa. Nimehangaika nayo, mama, watu wote wa kule wamehangaika nayo. Hii ni ya basi. Najua ulikuwa unategemea kusikia..."

"Kaka yako," bibi alimkata, "alikuwa akifika kule juu kanisani anaizima. Anateremka kimya, kama mwizi, mpaka hapa mlangoni, ili anishtue nikiwa na masizi mikononi. Anacheka! Kila safari hivyo. Hakuniacha hata siku moja nimpokee kama mama anavyompokea mtoto. Lakini kuondoka, alikuwa anaiwasha hapa hapa. Naisikia ikipanda, naisikia kanisani, naisikia ng'ambo ya kule, mpaka inapotea."

Alifunga kilemba chake vizuri, akainama akachukua kuku wake.

"Ile nilikuwa naisikia ikiondoka tu," alisema. "Hii nimeisikia tangu darajani, inakuja, na huku gari jingine haliji. Nikapata muda wa kuoga. Haya, mjukuu wangu, nenda nyuma, nikae."